Kosa la Ukurasa wa Kumi na Moja

Ofisi yetu ya wahudumu wa wazee ilinituma kwake nimwogeshe, nimpe dawa, na nihakikishe amekula kabla sijaondoka. Hayo ndiyo yaliyochapwa kwenye karatasi ya maelekezo, na chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: haoni vizuri, mkaidi. Kwa hiyo asubuhi ile ya kwanza nilipopanda ngazi za nyumba yake pale Kilburn, juu ya duka la mazulia, nilikuwa nimejiandaa kukutana na bibi mgomvi.

Nilimkuta jikoni, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekwisha kuvuka miaka themanini, amevaa gauni la kulalia na sweta la kiume. Uso wake ulikuwa karibu ugusane na ubao mweusi uliotundikwa ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo. Alikuwa akijaribu kusoma alichoandika mwenyewe jana yake. Bila hata kunisalimia aliniuliza kama ninaweza kuuona mstari wa tatu. Nikamsomea. Nilisoma polepole, maana mstari ulikuwa na herufi nyingi kuliko namba, lakini nilisoma wote. Akageuka.

"Umejifunza wapi kusoma hivyo?"

Nikamweleza kwamba kabla ya kuja Uingereza nilifundisha hisabati shule ya msingi, Morogoro, kwa miaka kumi na miwili. Hakuniambia kwamba hilo ni jambo zuri, kama wengine wanavyosema kisha wakakukabidhi ndoo ya maji. Aliniuliza nilifundishaje kugawanya kwa sehemu. Tukabishana juu ya hilo mpaka uji wake ukapoa.

Alikuwa profesa wa hisabati tupu, ile isiyojenga daraja wala kuhesabu mizigo, ambayo watu wake huishughulikia kwa sababu wanataka kujua tu kama jambo ni kweli. Alistaafu zamani. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama Waingereza wanavyopenda, lakini nilishindwa. Mtu anayemzidi mama yangu umri nimwiteje jina? Mwishowe tukakubaliana nimwite Profesa, naye akasema kwamba hata wanafunzi wake hawakuwa na adabu kiasi hicho.

Ugonjwa wa macho ulikuwa umemla katikati ya jicho. Pembeni aliona: aliona mlango, dirisha, mkono wangu ukimpitishia taulo. Lakini kitu alichokitazama moja kwa moja kilitoweka. Akitaka kuona uso wako ilibidi atazame sikio lako. Aliweza kuishi hivyo. Kusoma ndiko kulikomshinda.

Na wakati ule alihitaji kusoma kuliko wakati wowote. Wiki ya pili ya kwenda kwake, aliniomba nimsomee barua iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta na mpwa wake. Iliandikwa na mwanahisabati mmoja wa kike wa nchi nyingine, mtu ambaye Profesa hakuwahi kukutana naye. Kwa heshima nyingi, mama yule alieleza kwamba alikuwa akifundisha makala ya Profesa, ile iliyompatia jina, na kwamba kwenye ukurasa wa kumi na moja kuna hatua ambayo haielewi. Hatua hiyo, aliandika, inafanya kazi kwa namba zote isipokuwa zile zinazogawanyika kwa tisa. Kwa hizo, haoni kwa nini iwe kweli. Labda ni yeye ambaye hajaelewa.

 Nilipomaliza, Profesa aliniomba nisome tena ule mstari wa hatua yenyewe.

"Ameelewa," alisema. "Mimi ndiye sikuelewa. Nimetembea na kosa hili zaidi ya miaka arobaini."

Nilimsogezea chai. Hakuigusa.

Mengi ya maisha yake nilikuja kuyajua bafuni, maana mtu anayeoshwa nywele hana pa kukimbilia, huzungumza. Alizaliwa kwenye mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kufuma, mama yake alishona mapazia ya watu nyumbani. Alipopata nafasi ya chuo kikuu, mwalimu mkuu wa shule yao alimwita baba yake akamshauri ampeleke chuo cha ualimu, kwa kuwa msichana mwenye akili nyingi hupata tabu kuolewa. Baba alirudi nyumbani, akavua kofia, akamwambia binti yake afungashe. Huko chuoni, kwenye mkutano wake wa kwanza wa wanahisabati, mzee mmoja alimnyooshea kikombe akidhani ni mhudumu wa chai. Alimmiminia. Kisha akapanda jukwaani, maana msemaji aliyefuata alikuwa yeye.

Niliuliza kama mzee yule aliomba radhi. Akasema hapana, lakini alikunywa chai yote huku akisikiliza, na mwishoni aliuliza swali zuri. Kwake hilo lilitosha.

Hakuolewa. Kulikuwa na mtu, alisema, mwanamuziki, lakini mtu yule alitaka jioni zake nazo hisabati ilizitaka vilevile. Hakulisema hilo kwa majuto wala kwa majivuno.

Siku moja nikimwosha nywele aliniuliza Waswahili wanaziitaje zile namba ambazo haziwezi kugawanywa ila kwa moja na kwa zenyewe, kama tatu, tano, saba. Nikamwambia: namba tasa. Akataka kujua neno hilo lina maana gani penginepo. Nilisita, nikatafuta njia ya kuzunguka, lakini alikuwa mtu wa kugundua ukizunguka. Nikamwambia tasa ni mwanamke asiyezaa.

Alicheka mpaka maji yakamwingia sikioni. 

"Sisi tunaziita za kwanza," alisema. "Ninyi mnaziita tasa. Na namba nyingine zote zimezaliwa kutokana nazo. Wazee wenu hawakuliona hilo?"

Nilimjibu kwamba waliochagua neno labda waliangalia tu kwamba hazizaliwi na nyingine wala hazina watoto wa kugawana. Alilirudia neno lile mara kadhaa, tasa, tasa, akijaribu kuiweka sawa ile a ya mwisho.

Kazi yake yote ilikuwa juu ya namba hizo na jinsi namba nyingine zinavyoweza kuvunjwa kuwa jumla ya namba za mraba. Alinipa mfano ambao hata darasa langu la Morogoro lingeuelewa. Kumi na tatu ni tisa jumlisha nne, yaani tatu mara tatu, na mbili mara mbili. Ishirini na tisa ni ishirini na tano jumlisha nne. Lakini saba, ukiivunja utakavyo, haiwi jumla ya namba mbili za mraba. Kwa nini hii ikubali na ile ikatae? Hilo watu walishalijibu kabla hajazaliwa. Yeye alikwenda mbali zaidi, kwenye maumbo magumu zaidi, na huko mbali ndiko ukurasa wa kumi na moja ulikokuwa.

Mpwa wake, mwanaume wa makamo mwenye huruma na haraka, alikuja Jumamosi akasikia habari ya barua. Alimwambia shangazi yake aiache. Makala ni ya zamani, alisema, na hakuna mtu atakayemlaumu mtu wa umri wake. Ajibu kwa adabu, apumzike. Nilikuwa nikikunja mashuka na nilisikia jibu lake.

"Niliandika kwamba ni kweli. Kama si kweli, nitasema si kweli. Kama ni kweli, nitaonyesha. Kupumzika nitapumzika baadaye."

Jumatatu aliniambia anahitaji macho. Si mashine ya kusoma. Mpwa alishamnunulia moja, nayo ilizisoma alama zake kama mtu aliyelewa. Alihitaji mtu anayejua kwamba mstari una mwanzo na mwisho. Nilimweleza kwamba ofisi yetu hairuhusu mhudumu kubaki kwa mteja nje ya saa zake, na kwamba msimamizi wangu alishawahi kumwondoa mwenzetu kwa kosa hilo. Profesa hakubishana. Aliniamuru nichukue karatasi, akanitajia niandike barua kwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa halmashauri, akieleza kwamba kuoga bila kusoma hakumtoshi kuitwa mtu aliye hai. Ofisa akajibu kwamba suala litaangaliwa. Akanitajia barua ya pili. Baada ya barua ya nne, alikuja mama mmoja na fomu, akakaa jikoni mchana mzima. Tukaongezewa saa moja, siku nne kwa wiki. Kwenye karatasi ya maelekezo iliandikwa: kusaidiwa kusoma na kuandika.

Tulianza kwenye madaftari yake ya zamani. Makala iliyochapwa ilikuwa fupi. Njia yenyewe, pamoja na vichochoro vyote alivyovijaribu, ilikuwa kwenye madaftari tisa yenye jalada la kijani. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye alifumba macho. Akiniinulia kidole nilisimama. Akikishusha niliendelea. Aliweza kuushika ukurasa mzima kichwani, na baada ya siku mbili akaniambia nimrudishe pale kwenye mstari wa tano chini ya mchoro, nami nikaukuta palepale aliposema. Alichokitaka kiandikwe nilikiandika kwenye karatasi kubwa kwa kalamu nene nyeusi, herufi za ukubwa wa kiganja, tukazibandika ukutani mpaka sebuleni. Alizipitia kwa pembe ya jicho, kichwa amekiinamisha upande.

Wiki tatu tulikwenda hivyo, na alianza kupata matumaini. Njia ilionekana kufunguka. Alikula vizuri. Alinitania kwamba namba za tisa zinaanza kutii.

Kisha ikaja siku ya jua. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha nikinakili ukurasa wa daftari la sita, na mwanga ulipiga karatasi kwa upande. Juu ya herufi moja kulikuwa na kidoa ambacho nilikuwa nimekiona siku zote na kukidhania uchafu wa karatasi kuukuu. Katika mwanga ule niliona kina mkia. Kilikuwa wino. Nikafungua ukurasa uliotangulia, nacho kipo, juu ya herufi ileile. Nikafungua mwingine. Kumbe hakikuwa kidoa. Kilikuwa alama aliyoiweka kwa makusudi kutofautisha namba mbili, moja yenye alama na moja isiyo nayo, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimezisoma zote mbili kama namba moja.

 Profesa alikuwa chumbani akivaa soksi. Nilifunga daftari, nikamaliza kazi zangu, nikaaga. 

Mimi na binti yangu tulipanga chumba Queensbury, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza na kuhama na wazazi wake akiwa msichana. Kiswahili chake hakikuwahi kuzeeka. Alizungumza kama mtu aliyetoka sokoni jana. Jioni ile aliniona nimesukuma sahani, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Nilitaraji aniambie kwamba ni jambo dogo, kwamba bibi mwenyewe haoni na hatajua.

"Mwanangu," alisema, "yeye anajenga nyumba, na wewe ndiye umempimia msingi. Utamwacha aezeke?"

Asubuhi nilipanda treni nikiwa nimeshaamua. Profesa alikuwa tayari amekaa kwenye kiti chake, anasubiri tuanze. Nilisimama mbele yake badala ya kukaa. Nikamwambia kwamba kuna alama ambayo sikuisoma, nikamwambia iko wapi na tangu lini, na kwamba karatasi zote za ukutani kuanzia ya nane hazifai. Nilimwambia pia kwamba niliijua jana na nikaondoka nayo.

Hakunitazama sikioni. Aliinamisha kichwa. Nilisikia basi likisimama barabarani, likashusha watu, likaondoka. Ndipo akaniomba nimsomee ukurasa ule tena, mara hii na alama zake. Nikasoma. Kidole hakikuinuka hata mara moja.

"Ndiyo maana zilikuwa zinatii," alisema. Kisha: "Ulilala?"

"Kidogo."

"Mimi nililala vizuri, kwa furaha ya uongo. Wewe umenitangulia kwa usiku mmoja." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Zibandue. Kuanzia ya nane."

Nilizibandua. Zilikuwa karatasi ishirini na tatu. Nilitaka kuomba radhi tena, akanikatiza, akasema kosa linalosemwa jikoni ni kazi ya kawaida. Kosa linalochapwa na kukaa miaka arobaini ndilo la kuombea radhi, na hilo lilikuwa lake. Hatukulizungumza tena. Tangu siku ile, hata hivyo, kabla ya kuanza ukurasa wowote nilimtajia kwanza alama zote nilizoziona, pamoja na zile nilizodhani ni uchafu, naye akaamua kipi ni nini. Mara moja ilikuwa kweli uchafu, tone la chai la zamani, na alifurahi sana kulikumbuka.

Bila msaada wa lile kosa, njia ilifungwa. Majira ya baridi yalimkuta akizunguka mahali palepale. Kulikuwa na asubuhi ambazo saa yetu ilipita bila mstari mmoja kuandikwa. Nilimwuliza siku moja kama hakati tamaa. Akasema anakata tamaa kila siku saa sita mchana, halafu anakula.

Januari kifua kilimbana, wakamlaza hospitali. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kumtazama, nikiwa nimembebea maparachichi na redio ndogo. Hakutaka hata kimoja. Aliniuliza kama nina karatasi. Pale kitandani, na mpira wa oksijeni puani, alikuwa ametupa njia yote ya madaftari ya kijani. Alisema amekuwa akijaribu kuuziba ufa kwa udongo uleule uliopasuka. Badala yake alizigawa zile namba za tisa katika mafungu matatu, na mafungu mawili kati ya hayo yalikubali kwa hila ya zamani sana, ambayo aliwahi kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na hakuwahi kuifikiria kwa kazi hii. Aliongea kwa vipande, akikatishwa na kikohozi. Niliandika nyuma ya menyu ya chakula cha hospitali. Nesi, Mkenya mmoja, alikuja kumpima presha, akatutazama, akaniuliza kwa Kiswahili kama bibi anaandika wosia. Nikamwambia ni hisabati. Akatikisa kichwa, akafunga pazia tusisumbuliwe.

Fungu la tatu halikukubali. Aliporudi nyumbani tulilifanyia kazi Februari nzima na Machi. Alilijia mbele, alilijia nyuma. Mwishowe, asubuhi moja ya kawaida, nilipokuwa nikimkata kucha, alisema kwamba tutaandika.

Nilimwuliza kuhusu fungu la tatu.

"Tutaandika kwamba silijui," alisema. "Nadhani ni kweli. Lakini kudhani si kazi yangu."

Nilijua jinsi alivyolitaka. Nilikuwa nimemsikia akinong'ona juu yake bafuni. Alinitajia makala nzima ya masahihisho kwa siku tisa, kurasa sita, bila kurembesha. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba uthibitisho wake wa zamani una kosa kwenye ukurasa wa kumi na moja, na ikamtaja mama yule wa nchi nyingine kuwa ndiye aliyelibaini. Alitaka na mimi nitajwe mwishoni. Niliogopa ofisi. Akanitajia niandike kwamba anamshukuru msomaji wake, aliyeziona alama ambazo yeye hakuweza kuziona, na akaishia hapo.

Jarida tulilolipelekea makala lilichukua miezi kabla ya kujibu. Walikubali, wakaomba koma mbili zibadilishwe. Mama wa nchi nyingine aliandika pia, barua ndefu ya furaha, akasema wanafunzi wake wawili wameanza kulishughulikia fungu la tatu. Nilipomsomea sehemu hiyo, Profesa aliuliza mara moja wameanzia wapi. Nikamwambia hawakusema. Akanuna kidogo.

Mwaka uliofuata ngazi zilimshinda. Mpwa alimtafutia nafasi kwenye makazi ya wazee, mahali pazuri, bustani na mlango mpana. Mimi nilipangiwa mteja mwingine, na kwa kuwa yeye hakuwa tena mteja wangu, hakukuwa na kanuni ya kunizuia kumtembelea kama mtu mwingine yeyote. Nikawa nakwenda Jumapili.

Yeye ndiye aliyenisukuma kurudi shule. Alilitaja mara moja tu, kama jambo lililokwisha kuamuliwa, na akaniuliza fomu zinafungwa lini. Nikajiandikisha chuo cha jioni, kozi ya hisabati inayokuandaa kusomea ualimu wa hapa. Darasani wengi wana umri wa binti yangu. Binti mwenyewe, ninayemsemesha Kiswahili naye akanijibu Kiingereza, aliniambia kwamba ni ajabu mama kuwa na homuweki nyingi kuliko yeye.

Mtihani wa kwanza nilifeli. Nilikwenda na karatasi ile kwenye mkoba Jumapili, nikiwa sijui kama nitaitoa. Profesa alikuwa amekaa kwenye sebule ya wazee, televisheni inapiga kelele, blanketi magotini. Alikuwa amepungua sana. Nilimsalimia, nikamweleza habari za nyumbani, kisha nikamwambia nimefeli.

Hakunipa pole.

"Swali gani?" aliuliza.

Nikaitoa karatasi. Nikamsomea swali la nne, na alama zake zote, na yeye akafumba macho. Mhudumu alipita akasema chakula kiko tayari. Profesa akainua kidole, mhudumu akasubiri.